Kukoroga, kusonga au kukanda? Jina la mashine za vitu vizito

Swali: Niko kiwanda cha gundi, tumeambiwa tuandike lebo za mashine kwa Kiswahili. Tunazo tatu: moja ina pangaboi, moja ina chuma kama nanga, na ya tatu ina mikono miwili ya umbo la Z. Bosi anataka zote ziitwe "mashine ya kuchanganyia", fundi anasema "ya kukorogea". Nani yuko sahihi?

Jibu: Ndugu yangu, umeuliza jambo la maana sana, maana hapo lebo ikikosewa mtu anajaza mzigo kwenye mashine isiyo yake na mota inaungua. Kuchanganya kunasema tu vitu vimekuwa pamoja, hata mahindi na maharage kwenye gunia yamechanganyika na hakuna aliyekoroga. Kwa hiyo neno la bosi liandikwe mlangoni pa idara, kwenye mashine halisaidii kitu.

Kukoroga ni kwa kitu kinachotiririka, chai, uji mwepesi, rangi ya maji, yaani ukishapitisha kijiko kinarudi chenyewe kujaza nafasi. Hiyo ndiyo kazi ya pangaboi. Sasa chukua gundi nzito uiweke humo uone, pangaboi inachimba shimo lake pale katikati inazunguka peke yake na ya pembeni imelala vilevile, mtu anaona haichanganyiki anaongeza spidi, ya katikati inapata moto na ya ukutani bado mbichi.

Ndo maana hakuna anayekoroga ugali, tunasonga. Mwiko unaugandamiza kwenye ukuta wa sufuria, unakwangua, unageuza, taratibu lakini kwa nguvu, na halua ya Zanzibar ni hivyohivyo. Nanga inafanya kazi hiyohiyo, inapita karibu kabisa na ukuta wa pipa polepole kuondoa kilichoganda pale, kwa hiyo mimi ningeandika bila wasiwasi "mashine ya kusongea". Watu wanaona ni neno la jikoni, lakini fundi akilisoma anajua mara moja mwendo ni wa taratibu.

Ya tatu ni ya kukandia. Mikono ile inazungukia ndani, mmoja kwa kasi kuliko mwenzake, mara nyingi karibu mara mbili, na kitu kinavutwa, kinachanika, kinakunjwa tena. Mashine za namna hii zina ukoo na unga wa mikate, kampuni ya Werner na Pfleiderer ya Ujerumani ilianza kuziuza mnamo 1879, baadaye zikaingia kwenye gundi na plastiki. Hata ile ya kuchanganyia mpira (raba) aliyoibuni Fernley Banbury, ya 1916 huko Marekani, ni ya kukandia, ila imefungwa ndani ya kasha na kuna kizibo kinaukandamiza mpira kutoka juu.

Kuhusu "kukanda" na "kukandia", kwa mdomo zote zinapita, ila kwenye lebo napenda -ia kwa sababu inaonyesha chombo, kama kisu cha kukatia nyama.

Halafu neno "nzito" muwe nalo makini, maana mwendeshaji anaweza kudhani ni kilo. Kilo andikeni "uzito usizidi kilo" kadhaa, na gundi yenyewe iandikeni "nzito isiyomiminika". Vitabu vya sayansi vina neno mnato na ni zuri kwenye jedwali la vipimo, ila kwenye lebo mtu atasikia kunata, na gundi inaweza kunata sana huku nyepesi kama maji.

Na ile mikono ya Z msiiite mikono kwenye onyo la usalama, iteni mapanga, ili lebo isomeke hivi: "Mashine ya kukandia gundi nzito isiyomiminika. Usitie mkono mapanga yakizunguka."