Oili kwenye rejeta ya Land Cruiser 1HZ: msimwage petroli

Mkuu, pole sana. Umesema kipoza oili cha 1HZ yako (injini ya dizeli ya Toyota), pale oili inapopoozwa na maji ya rejeta, kilitoboka, kikabadilishwa, lakini rejeta bado inatoa uji wa kahawia wa oili na maji na fundi anataka amwage petroli ndani azungushe injini. Mkatalie. Petroli inavimbisha mipira ya maji na sili za wota pampu, na mvuke wake kwenye injini ya moto unaweza kuunguza gari na watu. Dizeli na mafuta ya taa nayo yanaharibu mipira hiyohiyo.

Nafanya kazi gereji hapa Arusha, nyingi ni Land Cruiser za kubeba wageni, na tatizo hili naliona sana. Kinachowaponza wengi ni kusafisha rejeta peke yake. Inatolewa, inapigwa maji mpaka inang'aa, inarudishwa, halafu baada ya siku chache uji unarudi. Hapo fundi anasema gasketi ya hedi (inayoziba kati ya hedi na bloku) imekufa, hedi inafunguliwa bure, hela ya mwenye gari inateketea. Kumbe oili ilibaki ndani ya bloku na kwenye hita.

Hata hivyo hakikisha kwanza hakuna kinachovuja. Injini ikiwaka, presha ya oili inaizidi ya maji, kwa hiyo oili ndiyo inaingia kwenye maji. Ukizima, presha ya oili inaisha lakini ya maji inabaki kwa muda, na maji yanaweza kurudi kwenye oili. Chomoa dipstiki asubuhi: ukiona rangi ya maziwa, mwaga oili yote na ubadili filta. Mapovu yasiyokatika mdomoni mwa rejeta injini ikiunguruma ni dalili ya gasketi ya hedi, hiyo ni kesi nyingine.

Sasa kazi yenyewe. Injini ikiwa ya uvuguvugu, fungua koki ya rejeta na pia bolti ya kumwagia maji ubavuni mwa bloku. Bolti hiyo mara nyingi imeganda kwa kutu na mafundi wanairuka, lakini maji mengi machafu yamekaa hapo. Toa thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Weka hita kwenye joto la mwisho, na kama gari lina hita ya nyuma, ifungulie nayo. Kopo la akiba la maji ya rejeta lifungue ulioshe pembeni. Uji mzito unaofikika ufute kwa kitambaa kabla sabuni haijaingia.

Tumia sabuni ya unga ya mashine ya kuoshea vyombo, supermarket kubwa za mjini wanayo. Ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono inatoa povu jingi, na povu halipoozi injini. Koroga vijiko vichache kwenye maji ya moto, mimina, jaza, washa. Bila thamostati injini inachelewa kupata joto, kwa hiyo ziba sehemu ya rejeta kwa boksi, na usibanduke kwenye geji. Ikipata joto zima, subiri ipoe, mwaga, rudia. Usiilaze na sabuni ndani, inakula aluminiamu. Mwisho suuza kwa maji matupu mara kadhaa.

Kupima, kinga maji ya mwisho kwenye chupa ya kioo uiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta utando juu, rudia.

Mipira iliyolowa oili ibinye: ikiwa laini kama sponji, badili yote, pamoja na mfuniko wa rejeta. Kulanti, ile dawa ya kupoozea injini, ichanganye nusu kwa nusu na maji ya betri yale ya kuongezea, si asidi. Maji ya bomba yana madini, yanaweza kuacha magamba.

Na tafadhali sana, uchafu huo usiumwage mferejini. Kulanti ni tamu na ni sumu. Mbwa na mbuzi wanainywa wanakufa, na kuna watu huko chini mfereji unakoelekea wanamwagilia mboga. Kinga kwenye madumu, upeleke wanakokusanya oili chafu.

Ukimaliza zunguka nayo hapa mjini kwanza, ukikagua kopo kila asubuhi gari likiwa la baridi. Arusha maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, ukingoni mwa Ngorongoro kama 92, na mfuniko ndio unaozuia yasichemke mapema. Usipandishe na wageni kabla kopo halijabaki safi wiki nzima.