Maswali ya Wasomaji: Aksolotli Katika Tangi Lenye Mimea

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu. Ninaishi Leicester, Uingereza, na miezi miwili iliyopita nilimnunulia binti yangu aksolotli mweupe (amfibia wa majini anayefanana na mjusi), tukamweka katika tangi la lita 120 lenye mimea na kokoto ndogo chini. Muuzaji alitushauri tuweke hita kwenye nyuzijoto 25 ili mimea istawi. Sasa mnyama anakula kwa shida, na matamvua yake, yale mashada mekundu nyuma ya kichwa, yamejikunja kuelekea mbele. Mimea nayo anaing'oa kila usiku. Je, tuitoe mimea, au tumrudishe mnyama dukani? — Mama Zawadi

JIBU: Mama Zawadi, ahsante kwa kueleza kwa makini. Mnyama abaki na mimea ibaki. Kinachopaswa kuondoka leo ni hita. Asili ya aksolotli ni Xochimilco, kusini mwa Jiji la Meksiko, mahali palipo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na ndiyo sababu mwili wake umezoea maji ya baridi. Nyuzijoto 16 hadi 18 humfaa zaidi, na maji yakipita 24 hudhoofika, hupoteza hamu ya chakula na huwa rahisi kushikwa na maradhi ya ukungu. Matamvua kujikunja mbele ni dalili ya taabu, ingawa pia husababishwa na filta, yaani kichujio cha maji, inayosukuma maji kwa nguvu, kwa hiyo itazame nayo. Zima hita, uyaache maji yapoe taratibu, na siku za joto uweke feni ndogo ipulize juu ya maji. Usimtumbukizie barafu, kwani badiliko la ghafla humuumiza.

Kokoto zinanitia wasiwasi zaidi kuliko mimea. Mwangalie anapopewa nyungunyungu: hang'ati, bali hupanua kinywa mara moja, na maji yakavutwa ndani pamoja na chochote kilicho karibu. Kokoto humezwa vivyo hivyo na kuweza kumziba matumbo. Zitoe zote, ukibakiza kioo kitupu au mchanga laini sana, na kila jiwe liwe kubwa kuliko kichwa chake.

Mimea inang'oka kwa sababu yeye ni mzito na hutembea chini akisukuma kila kilichopandwa. Chagua isiyohitaji kupandwa. Anubiasi, ambayo kwao ni mito ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, na kangaga wa Java hufungwa kwa uzi wa pamba kwenye gogo au jiwe, na baada ya majuma kadhaa mizizi hushika yenyewe. Lile shina nene linalolala usilifukie, maana litaoza. Elodea waweza kuiacha ielee tu, nayo hupenda baridi. Yote hii huridhika na mwanga hafifu, na hilo ni jema kwa mnyama asiye na kope za kufumba, ambaye mchana hutafuta kivuli cha majani. Epuka mbolea ya maji yenye shaba, kwa kuwa ngozi yake nyororo hupitisha sumu.

Mimea husaidia kufyonza uchafu, lakini haichukui nafasi ya filta, ambayo bakteria wake wanaovunja uchafu huo huhitaji majuma manne hadi manane kukomaa kabla mnyama hajaingizwa. Hukusema kama mlisubiri, basi pimeni maji leo: amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu wa mnyama, ziwe 0, na nitrati, ambayo bakteria huizalisha mwishoni, isizidi miligramu 20 kwa lita. Mkikuta amonia, badilisheni sehemu ya maji kila siku kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye baridi ileile ya tangi. Ikiwa juma limepita katika maji baridi na safi naye bado anakataa nyungunyungu, au mkiona nyuzi nyeupe kama pamba juu ya matamvua, mpelekeni kwa daktari wa mifugo anayetibu amfibia.