Kuloweka pingili za muhogo kwenye mwarobaini

SWALI: Habari za kazi, bwana shamba. Nalima muhogo huku Kasulu, ekari mbili. Msimu uliopita mchwa walitafuna pingili nyingi kabla hazijachipua, na zilizobaki majani yakajikunja na kuwa na mabaka ya njano. Jirani kaniambia niloweke pingili kwenye maji ya mwarobaini kabla ya kupanda. Nichanganye kiasi gani, na yataondoa yote hayo?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Jirani hakukosea, ila kakupa nusu ya habari. Nianze na nusu aliyoiacha, maana hiyo ndiyo itakayokutia hasara.

Majani kujikunja yakiwa na mabaka ya njano ni batobato. Huo ni ugonjwa wa virusi, navyo vimo ndani ya shina, siyo juu ya ganda. Loweka hata siku tatu, dawa haivifikii. Utapanda ugonjwa ulioogeshwa vizuri. Ugonjwa wa michirizi kahawia ni vivyo hivyo, na wenyewe ni mjanja zaidi: mmea unaweza kuonekana mzima mpaka siku unapokata muhogo na kukuta umeoza kahawia ndani. Kosa letu wengi ni kuchagua mbegu siku ya kuvuna, wakati majani yameshapukutika na dalili zimekwenda nayo. Pita shambani mapema, mihogo ikiwa na miezi sita hivi, ufunge kamba ya mgomba kwenye mashina yasiyo na doa. Siku ya kuvuna kata mbegu kwenye hayo tu, na upasue mizizi yake uione ndani. Kwa shamba ulilonieleza, mimi nisingechukua mbegu humo hata moja. Mwone afisa ugani wa kata akuelekeze kwa mzalishaji ambaye mashamba yake yamekaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu.

Ukishapata shina safi, hapo mwarobaini una kazi. Vidung'ata, wale wenye unga mweupe, na utitiri wa kijani hujificha kwenye macho ya pingili na kusafiri nayo hadi shamba jipya. Chukua mbegu za mwarobaini zilizokauka, zimenye, utwange kokwa. Gramu 50 kwa lita moja ya maji, yaani kilo moja kwa ndoo ya lita 20. Acha usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ili dawa ishike. Kata pingili za sentimita 25 hadi 30, zenye macho matano hadi saba, zitumbukize kama robo saa, zichuje maji kivulini na upande siku hiyohiyo. Usizianike, jua huua nguvu ya mwarobaini upesi.

Huna mwarobaini? Changanya maji yanayochemka na ya baridi, nusu kwa nusu, uzamishe pingili dakika 5 hadi 10 kabla tu ya kupanda. Kwa utitiri na vidung'ata mimi naamini zaidi njia hii, na gharama yake ni kuni tu. Usizidishe muda, macho yataungua.

Mchwa ni habari nyingine. Dawa ya kuloweka huwafukuza siku chache tu, mvua ikipiga inaoshwa. Wao hufuata pingili iliyokauka, kwa hiyo usipande vumbini mwezi wa kumi kwa kubahatisha mvua. Ngoja udongo ulowe, tumia pingili mbichi, na kichuguu kilichomo shambani kichimbe hadi umtoe malkia.

Najua huko wengine hutumia utupa badala ya mwarobaini. Ni mkali kwa wadudu, lakini ndio uleule wa kulevyia samaki. Mabaki yafukie shimoni, mbali na kijito, na ndoo yake isirudi jikoni.