Mwanasheria Mkuu ni wakili wa nani? Majibu ya maswali yenu

Jirani amenimegea shamba na viongozi wanamkingia kifua. Naweza kumwandikia Mwanasheria Mkuu wa Serikali anitetee?

Hapana. Mteja wake ni serikali: ndiyo anayoishauri kuhusu sheria, na ndiyo anayoisimamia mahakamani inapodai au kudaiwa. Ugomvi wako na jirani ni wa watu wawili, na utakwisha kwenye chombo cha kusuluhisha migogoro ya ardhi au mahakamani. Kama huna fedha za wakili, tafuta wanaotoa msaada wa kisheria bila malipo, wapo.

Lakini usihitimishe kwamba mtu huyu hakuhusu. Ibara ya 156 ya Katiba ya Kenya inamtaka alinde utawala wa sheria na kutetea maslahi ya umma. Pia inamruhusu, kwa idhini ya mahakama, kuingia kama rafiki wa mahakama, yaani mtu anayeisaidia mahakama kwa hoja za kisheria bila kuwa upande wowote, katika kesi ya madai ambayo serikali si mhusika. Huo ni mlango wa mambo yanayogusa watu wengi. Mpaka wa shamba moja haupiti hapo.

Ndiye anayeamua nani ashtakiwe kwa makosa ya jinai?

Inategemea nchi, na hapa ndipo wengi mnapochanganya. Marekani ndiye mkuu wa Wizara ya Sheria, na waendesha mashtaka wa serikali kuu wako chini yake. Kenya alikuwa na mamlaka hayo, pamoja na ya kuifuta kesi ya jinai, mpaka Katiba ya 2010 ilipompa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Tanzania nako kazi hiyo ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na Katiba inataka awe huru asiingiliwe na mtu.

Mimi naunga mkono utenganisho huu kwa moyo wote. Mtu mmoja akikaa kwenye vikao vya Baraza la Mawaziri asubuhi, kisha mchana akaamua kama waziri aliyekuwa jirani yake mezani ashtakiwe, hata akiamua kwa haki nani atamwamini? Uingereza iliungua kwa jambo hili mwaka 1924. Mwanasheria Mkuu Patrick Hastings aliondoa mashtaka ya uchochezi dhidi ya J. R. Campbell, mhariri wa gazeti la Kikomunisti. Wabunge wakashuku kwamba ni siasa iliyoamua, wakapiga kura, na serikali nzima ikaanguka.

Rais au Waziri Mkuu akiukataa ushauri wake, anafanya nini?

Swali hili nalipenda kuliko yote. Ushauri ni ushauri, na mwenye kuamua ni kiongozi. Ila kuna namna mbili za kuukataa. Ya kwanza ni ya wazi: "Nimekusikia, naenda kwingine." Ya pili ni ya kumsukuma mshauri mpaka aseme kile bosi anachotaka kusikia. Hii ya pili ndiyo mbaya zaidi, maana mwananchi haioni.

Mwaka 2003, kabla ya vita vya Iraki, Mwanasheria Mkuu wa Uingereza, Lord Goldsmith, alimwandikia Waziri Mkuu Tony Blair ushauri wa kurasa 13 tarehe 7 Machi. Aliandika kwamba njia salama zaidi kisheria ni kupata azimio jingine la Umoja wa Mataifa, ingawa hoja ya kwenda vitani bila hilo nayo inaweza kujengwa. Siku 10 baadaye Bunge lilipewa jibu fupi tu kwamba vita ni halali, na zile tahadhari hazimo. Wananchi waliusoma waraka kamili mwaka 2005, vita vikiwa vimeshapiganwa miaka miwili.

Sasa tazama upande wa pili. Tarehe 20 Oktoba 1973, Rais Nixon wa Marekani alimwamuru Mwanasheria Mkuu wake, Elliot Richardson, amfukuze kazi Archibald Cox, aliyekuwa akichunguza kashfa ya Watergate iliyomgusa Nixon mwenyewe na watu wake. Richardson alikuwa ameliahidi Baraza la Seneti kwamba hatauingilia uchunguzi huo. Alikataa, akajiuzulu. Naibu wake, William Ruckelshaus, naye akakataa, akaondoka jioni hiyohiyo. Cox alifukuzwa na mtu wa tatu, ni kweli, lakini kila Mmarekani alijua amri ile ni ya namna gani. Kwa hiyo jibu langu ni hili: aseme ukweli kwa maandishi, na akiamriwa kuvunja sheria, aachie kiti.

Nasikia ofisi yake ndiyo inayoandika sheria. Bunge linafanya nini basi?

Bunge ndilo linalotunga. Ofisi yake inachukua sera ya wizara na kuiandika kwa lugha ya sheria, na nchi nyingi zina kitengo maalumu cha waandishi wa sheria. Kazi hiyo inadharauliwa bure. Chukua kifungu hiki: "Waziri anaweza kutoa leseni kwa mwombaji aliyetimiza masharti." Sasa badilisha kidogo tu: "Waziri atatoa leseni kwa mwombaji aliyetimiza masharti." Kwenye kifungu cha kwanza umetimiza kila kitu na bado unamsubiri waziri apende. Cha pili kinakupa haki ya kudai. Muswada unapotangazwa kwa maoni, tafuta maneno kama hayo kabla ya kusoma hotuba za wanaousifu.

Je, ni bosi wa majaji?

Siyo. Mbele ya jaji ni wakili kama wakili mwingine, na kesi hushinda na hushindwa.

Nataka kuidai halmashauri fidia ya nyumba yangu iliyobomolewa. Wakili ananiambia lazima nimshtaki na Mwanasheria Mkuu. Yeye kanikosea nini?

Hajakukosea, ila wakili wako, kama uko Tanzania, kasema kweli. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, ukiishtaki hata serikali ya mtaa au shirika la umma kwa madai, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye kesi. Ukimwacha, mwenendo mzima unabatilika. Kabla ya kufungua kesi unatoa notisi ya siku zisizopungua 90 kwa taasisi unayoidai, ukieleza msingi wa dai lako, na nakala unampelekea Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wa Serikali, ofisa anayeendesha kesi za madai za serikali. Kesi yenyewe inafunguliwa Mahakama Kuu.

Naona utaratibu huu unamwelemea mtu wa kawaida, hasa aliyeko mbali na Mahakama Kuu, na siku 90 ni nyingi kwa mtu aliyebomolewa nyumba. Lakini kesi nzuri kabisa hutupwa kwa sababu ya notisi tu. Kwa hiyo peleka barua kwa mkono, na kila unapoiacha hakikisha nakala unayobaki nayo imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Hesabu siku zako kuanzia muhuri wa mwisho, na usifungue kesi hata siku moja kabla hazijatimia.