Barua kwa mwanangu: Isaya 54:17 ni ahadi ya nani?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema umefunguliwa shauri la nidhamu kazini, kikao ni Alhamisi ya juma lijalo, na wenzako wa maombi wamekupa Isaya 54:17 uikiri mara saba kila alfajiri: "Kila silaha itakayofanyika juu yako haitafanikiwa, na kila ulimi utakaoinuka juu yako katika hukumu utauhukumu kuwa mkosa." Unasema pia kwamba kuna dada aliyepewa aya hiyohiyo mwaka jana, akaikiri kwa machozi, na kazi akaipoteza. Ndipo unaniuliza: mama, ahadi hii ni yangu au si yangu?

Tuanze na neno "yako". Kiswahili chetu hakitofautishi mume na mke, kwa hiyo ukisoma "juu yako" unajiona wewe moja kwa moja. Kiebrania kinatofautisha. Pale pameandikwa *alayikh*, na hivyo ndivyo anavyoambiwa mwanamke mmoja. Hata kitenzi "utauhukumu kuwa mkosa", *tarshi'i*, ni cha kike. Mwanamke huyo ni nani? Rudi mstari wa 1: ni yule tasa anayeambiwa aimbe. Shuka mstari wa 11 na 12: anajengewa misingi ya yakuti samawi, minara na malango. Ni mji. Ni Sayuni, Yerusalemu uliobomolewa na Babeli mwaka 586 kabla ya Kristo, unaoambiwa kwamba utajengwa tena. Kwa hiyo kabla hujaliweka jina lako kwenye aya hii, uweke kwanza huo mji na watu wake.

Usikate tamaa hapo, maana mstari wenyewe una mlango wako. Nusu ya mwisho inasema, "Huu ndio urithi wa watumishi wa Bwana." Watumishi, wengi. Kuanzia sura ya 41 hadi ya 53 Isaya anazungumza juu ya mtumishi mmoja, na hapa ndipo neno linapogeuka kuwa wingi kwa mara ya kwanza. Na huo "urithi", *nahala*, ndilo neno lililotumika kwa shamba la ukoo, lile ambalo Nabothi alikataa kumwuzia mfalme Ahabu. Mtu hapewi peke yake ajifungie nalo chumbani. Unalipata kwa kuwa mmoja wa nyumba hiyo. Basi jibu langu ni hili: ni yako, kwa sababu ni ya watumishi, na wewe ni mmoja wao. Ila ukiichukua kama ya kwako pekee, utaidai itoe kitu ambacho haikuahidi.

Iliahidi nini basi? Soma mstari wa 16, ambao kwenye mikesha huwa unarukwa. Mungu anasema ndiye aliyemwumba mhunzi avukutaye moto wa makaa na kutoa silaha kwa kazi yake. Mhunzi anafanya kazi, makaa yanawaka, chuma kinafuliwa. Hakuna mahali panaposema moto utazimwa au silaha haitatoka kiwandani. Hakuna hata panaposema haitakupiga. Linalosemwa ni kwamba *haitafanikiwa*, na neno hilo lazima ulifuate kwa kidole, kwa sababu Isaya ameliweka mara tatu ndani ya sura tatu, na bahati njema tafsiri yetu ya Biblia ya Union imelitunza kote. 53:10: mapenzi ya Bwana "yatafanikiwa" mkononi mwa mtumishi. 54:17: silaha "haitafanikiwa". 55:11: neno la Mungu "litafanikiwa" katika yale aliyolituma. Kwa Kiebrania ni shina moja, *tsalakh*, kitu kufikia lengo lake.

Sasa mtazame yule wa 53:10 alifanikiwaje. Mistari miwili juu yake, 53:8, ameondolewa "kwa kuonewa na kuhukumiwa". Na neno hilo la hukumu, *mishpat*, ndilo linalorudi kwenye 54:17, ulimi unaoinuka "katika hukumu". Mtumishi alipelekwa mbele ya hukumu, akashindwa kwa macho ya watu, akauawa, na bado mapenzi ya Mungu yakafikia lengo mkononi mwake. Ahadi ya ulinzi imekaa ukurasa uleule na habari ya mateso, mwanangu, na anayeikata aya moja akaacha jirani zake ndiye anayewaumiza watu kama huyo dada. Kupoteza kazi hakukuonyesha kwamba imani yake ilipungua. Mwambie hivyo, na umwambie mapema.

Ukitaka kuona jambo hili nje ya mashairi, mwaka 701 kabla ya Kristo unalionyesha wazi. Senakeribu mfalme wa Ashuru alipanda Yuda. Katika maandishi yake kwenye mche wa udongo wa pande sita, ulio London hadi leo, anajisifu kwamba alitwaa miji 46 yenye maboma na kumfungia Hezekia, mfalme wa Yuda, ndani ya Yerusalemu kama ndege tunduni. Hasemi kwamba aliuteka. Isaya alikuwa amesema (37:33) kwamba hatapiga hata mshale mmoja mle wala kujenga boma juu yake, na mji ukapona. Ushindi huo ni wa kweli na mimi nauamini kwa moyo wote. Lakini Lakishi, mji mwingine wa Yuda, ulianguka. Ashuru walichonga picha za kuanguka kwake ukutani Ninawi: miteremko ya kupandia waliyoijenga hadi ukutani, mateka wakitoka na watoto na mizigo. Watu wa Lakishi walikuwa Wayuda, wakimwomba Mungu yuleyule. Mtu akikwambia ulinzi wa Mungu maana yake ni kutoguswa, mwulize kuhusu Lakishi.

Na ahadi nzuri inaweza kuharibiwa na wanaoishika. Karibu miaka 100 baadaye, watu wa Yerusalemu walikuwa bado wanaishi kwa ushindi ule wa Hezekia. Walikuwa wanakariri, "Hekalu la Bwana, Hekalu la Bwana, Hekalu la Bwana," mara tatu, kana kwamba maneno yenyewe ni ukuta. Yeremia akasimama mlangoni (sura ya 7) akawaambia ni maneno ya uongo, kwa sababu wanaiba, wanaua, wanaapa kwa uongo, kisha wanakuja kusema "tumepona". Nabii Hanania naye akatabiri (sura ya 28) kwamba nira ya Babeli itavunjwa katika miaka miwili. Yeremia akawaandikia waliohamishwa Babeli: jengeni nyumba, pandeni bustani, ni miaka 70. Neno la Hanania lilikuwa tamu zaidi. La Yeremia ndilo lililotimia.

Kwa hiyo Alhamisi ufanye hivi. Kwanza, chukua barua ya mashtaka, tenga kila tuhuma kwenye karatasi yake, na ujiulize mbele za Mungu ipi ni ya kweli. Kama ipo ya kweli, hata ndogo, ikiri kwenye kikao kabla hawajaithibitisha wao. Aya inasema "haki yao inayotoka kwangu mimi", na haki ya Mungu haifuniki uongo.

Pili, zilizobaki uzijibu kwa ushahidi. Isaya 41:21 Mungu mwenyewe anaendesha kesi na kuwaambia miungu ya mataifa, "toeni hoja zenu zenye nguvu"; 43:9 anawadai walete mashahidi. Angalia pia kwamba 54:17 inasema *wewe* ndiye utakayeuhukumu ulimi ule kuwa mkosa. Umepewa kazi ya kufanya. Weka barua pepe, risiti na orodha ya mahudhurio kwa tarehe, toa nakala mbili, na moja ibaki kwako. Omba kwa maandishi uje na shahidi au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na uombe kupewa muhtasari wa kikao. Jibu la maandishi lipeleke kabla ya kikao na lipigwe muhuri wa kupokelewa.

Tatu, maombi. Sikukatazi kuamka alfajiri. Badala ya kuirudia aya moja mara saba, soma kwa sauti 52:13 hadi 55:13 bila kukata; ni kama dakika 10. Kisha omba kwa wingi: sisi watumishi wako, pamoja na huyo dada, pamoja na hao wanaokaa kikao. Usimtaje bosi wako kama silaha. Kwenye mstari wa 16 hata mhunzi ameumbwa na Mungu.

Jumatano usiku soma 50:4-9, ulale mapema. Pale kuna mtu aliyepewa ulimi wa kumtegemeza aliyechoka, akawatolea wapigao mgongo wake, akiuliza ni nani atakayemhukumu kuwa na makosa; kitenzi ni kilekile cha 54:17.

Nitafunga Alhamisi hadi utakapotoka. Ukitoka nipigie, hata kama hawajaamua.

Mama yako