Mpwa wangu, usiuze shamba la bibi kwa ajili ya mbio za pikipiki

Mpwa wangu,

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti mara tatu. Mara zote nimekasirika, kisha nimeona aibu kwa kukasirika, kwa sababu sehemu ya uvumi unaoniuliza niliipanda mimi mwenyewe. Unasema kijiweni kwenu Muheza imeenea habari kwamba mjomba wako yuko kwenye mashindano ya pikipiki Uingereza, kwamba madereva wa bodaboda wanatafutwa huku wafundishwe mbio za spidwei, na kwamba yupo bwana mmoja Dar es Salaam anayechukua shilingi milioni 9 kumfanyia mtu mipango yote. Unauliza kama uuze pikipiki yako pamoja na kile kipande cha shamba la machungwa la bibi yako kilichobaki, halafu mimi nikupokee. Nakujibu kwa maandishi ili uweze kuyasoma tena siku bwana huyo atakapokupigia simu.

Picha mliyoiona, ambayo nimevaa koti lenye nembo ya timu na nyuma yangu pikipiki nne zimelala kwenye kona, ni ya kweli. Niliituma kwa mama yako, naye akawaonyesha watu, wakajaza maneno yao, na mimi sikuwasahihisha. Sikuwahi kupanda hata moja ya pikipiki zile. Kazi yangu ilikuwa reki.

Njia ya spidwei haina lami. Ni udongo mwekundu wa mawe yaliyosagwa, uliomwagiwa maji na kushindiliwa. Waendeshaji wanne huzunguka mara nne, wakikata kushoto muda wote, na mbio nzima huisha kwa takriban dakika moja. Injini ni ya cc 500, gia ni moja, mafuta ni methanoli, na breki hakuna kabisa. Wakifika kwenye kona huliacha gurudumu la nyuma liteleze, huku mguu wa kushoto, wenye kiatu kilichovishwa bati la chuma, ukiburuzwa chini, na gurudumu hilo hurusha udongo wote nje hadi kwenye ukuta. Mchuano mmoja una mbio 15. Kila baada ya mbio chache tulitoka watu wanne na reki kuurudisha udongo ndani kabla trekta halijapita, na mchuano ukiisha tuliweka reki chini tukachukua mifagio na mifuko, tukaanza majukwaa na kumalizia vyoo. Usiku nikipenga kamasi, kitambaa kilikuwa chekundu kama barabara ya Amani wakati wa kiangazi.

Nitakuambia na jambo moja zuri, maana sitaki udhani nilikuwa nateseka tu. Oili ya injini hizo kwa desturi hutokana na mafuta ya nyonyo, yale yale aliyokuwa akitupaka bibi yako kifuani tulipokuwa na mafua. Yakiungua hutoa harufu nzito yenye utamu, nayo hutanda uwanja mzima. Usiku wangu wa kwanza ilinifikia nikiwa nimesimama na reki kwenye baridi, nikageuza uso kuelekea ukutani ili wenzangu wasinione.

Sasa fedha, kwa kuwa hapo ndipo ninapoumia. Tulilipwa kwa usiku. Msimu huanza Machi na kuisha Oktoba, kwa hiyo miezi ya baridi kali hakuna kitu, na ndani ya msimu wenyewe mvua ikinyesha mchuano huahirishwa, nasi hurudi nyumbani mikono mitupu. Mvua ambayo ninyi mnaiombea machungwa ndiyo iliyokuwa ikinikata ujira. Ule mwezi ambao bibi yako alipata nusu ya fedha, nikamwambia benki imechelewesha, benki haikuchelewesha chochote. Kulinyesha Jumatatu tatu mfululizo.

Na fedha zile zilikuwa za nini? Wewe ulikuwa mdogo, huenda hukuambiwa. Nusu ya shamba iliyo upande wa barabara niliiuza mimi, kwa ruhusa ya bibi yako, ili nipate nauli na ada ya kuja huku. Nilimwahidi kwamba nitaikomboa kwa miaka mitatu. Huu ni mwaka wa kumi na moja.

Niliyoyajua kuhusu mchezo huu nilifundishwa na wazee waliosimama kila wiki kwenye kona ya pili na chupa zao za chai, wakijaza matokeo kwa penseli katika vijitabu vya ratiba. Walinifanya mmoja wao, na siwezi kuwasahau. Hawakukubaliana hata mchezo ulizaliwa lini. Mmoja alishikilia High Beech, katika msitu wa Epping nje ya London, tarehe 19 Februari 1928, siku ambayo watu walifurika hadi ndani ya njia yenyewe. Mwenzake alimjibu kwa Camberley, Mei 1927, naye akaambiwa kwamba Camberley walikimbia mchangani na kwa kuzunguka upande wa kulia, kwa hiyo haihesabiki. Wa tatu, aliyewahi kuishi Australia, aliwaambia wote wawili wanyamaze, kwa kuwa Johnnie Hoskins aliandaa mbio za namna hiyo West Maitland, New South Wales, Desemba 1923. Hapo likaibuka swali jingine: je, Hoskins ndiye mwanzilishi, au alikuta watu tayari wanakimbiza pikipiki kwenye njia za udongo, huko kwao na Marekani? Ubishi huo niliusikia misimu yote niliyokaa pale, na haukuwahi kupata mshindi.

Uliokuwa ukiwapandisha hasira zaidi ni ule wa fainali ya kwanza ya dunia, uwanja wa Wembley, London, 1936. Waendeshaji waliingia usiku ule wakiwa na pointi za ziada walizozipata katika hatua za awali. Bluey Wilkinson wa Australia alishinda mbio zake zote tano, hakushindwa na mtu hata mmoja, na bado aliondoka akiwa wa tatu, kwa sababu Lionel Van Praag na Eric Langton walikuwa na akiba kubwa kuliko yake. Hao wawili walifungana, wakarudiana, Van Praag akatwaa ubingwa, na hadi leo wapo wanaoamini kwamba walikuwa wamepatana kabla ya kutoka. Wilkinson alikuja kuupata ubingwa mwaka 1938. Mimi nilimwelewa Wilkinson baadaye sana, siku uwanja wetu ulipofungwa: walioajiriwa kwa mkataba wa kudumu walipewa kiinua mgongo, na sisi wa kulipwa kwa usiku, tuliofika kila usiku bila kukosa, tulishukuriwa kwa mdomo.

Ndiyo, uwanja ulifungwa. Hilo ndilo sikuwaambia. Timu haikuwa na ardhi, ilikuwa mpangaji. Mwenye ardhi alipotaka ardhi yake, notisi ikatoka, basi. Sasa nafanya usafi usiku katika ghala la vifurushi, kazi yenye paa, isiyojali mvua, na inayolipa vizuri kidogo kuliko reki. Lakini kwa karibu miaka miwili bibi yako aliponiuliza, "Uwanjani hawajambo?", nilimjibu, "Hawajambo, mama."

Bwana wa Dar es Salaam atakuonyesha video za umati. Muulize ni za mwaka gani, na nchi gani. Umati ulikuwapo kweli: fainali ya dunia ya 1981, iliyochukuliwa na Bruce Penhall wa Marekani, iliingiza Wembley watu zaidi ya 90,000, na mmoja wa wazee wangu alikuwa miongoni mwao. Haikurudi tena Wembley. Mwaka 1965 ligi ya Uingereza ilianza na timu 18. Msimu wa 2024 ligi kuu ilikuwa na timu 7. Jiji la London, ambalo zamani lilikuwa na Wembley, West Ham, Harringay, New Cross na Wimbledon, halina hata njia moja tangu Wimbledon walipoondoka mwaka 2005.

Ukiwauliza wazee nani aliyeuua mchezo, jitayarishe kukaa. Yupo anayelaumu kodi ya burudani iliyotozwa baada ya vita, na televisheni iliyowakalisha watu nyumbani. Yupo anayelaumu mwaka 1995, fainali ya usiku mmoja ilipofutwa na kuwekwa msururu wa mashindano ya Grand Prix, waendeshaji wakubwa wakaanza kuiona ligi ya hapa kama kazi ya pembeni. Wengine wanalaumu waendeshaji kukimbilia Poland kwenye malipo makubwa, au wakuu wa klabu waliobadilisha kanuni kila mwaka na kuruhusu mtu mmoja achezee timu mbili hadi shabiki hajui amshangilie nani. Kila sababu ina ukweli wake. Lakini mimi niliyefagia pale, na niliyeuza shamba, naona moja imezikalia nyingine zote: timu nyingi zilikimbia juu ya ardhi ya mtu mwingine.

Tazama. Timu ya Belle Vue ya Manchester walitimuliwa uwanja wao wa Hyde Road mwaka 1987, baada ya karibu miaka 60, pakawa mahali pa kunadi magari. Coventry walikimbia uwanja wa Brandon tangu 1928 hadi 2016. Mwenye uwanja alitaka kujenga nyumba, mashabiki wakapinga hadi ombi likakataliwa, na pamoja na ushindi huo pikipiki hazijarudi, uwanja umebaki gofu. Peterborough walikuwa mabingwa wa nchi mwaka 2021, na mwisho wa msimu wa 2023 hawakuwa tena na uwanja wa kufanyia mbio. Mwaka huo huo Wolverhampton waliuaga uwanja wa Monmore Green, mahali palipoanza mbio mwaka 1928. Kisha tazama Poland, ambako viwanja vingi ni mali ya miji yenyewe: Toruń wana uwanja uliojengwa mahususi kwa spidwei na kufunguliwa mwaka 2009, watu wanajaa kama kwenye mpira, na Bartosz Zmarzlik, bingwa mara sita, anajulikana na kila mtoto. Wazee wangu hawapendi niseme hivi. Wanasema Manchester walijengewa uwanja mpya mwaka 2016, kwa hiyo matumaini yapo. Nawaombea yawepo.

Sasa wewe. Usije kwa njia hiyo. Mwanamichezo kutoka nje huhitaji uthibitisho wa chombo kinachosimamia mchezo wake ndipo aombe viza, na uthibitisho huo hupewa mtu mwenye rekodi, siyo mtu wa kufundishwa. Vijana wa hapa huanza wakiwa watoto, kwenye pikipiki ndogo, baba akiuza gari ili kununua injini. Mwendeshaji hana mshahara wa mwezi. Hujigharamia pikipiki mbili au zaidi, fundi, matairi na usafiri, kisha hulipwa kwa kila pointi anayoipata. Asipopata pointi, amekimbia bure. Akivunjika, mapato yanasimama. Peter Craven, bingwa wa dunia mara mbili, alifariki mwaka 1963 kwa ajali uwanjani Edinburgh. Najua una mikono mizuri, nimeona unavyopita barabara ya Amani wakati wa masika, na ningekuwa na uwezo ningekuweka juu ya moja ya pikipiki zile hata mara moja tu, uonje. Lakini milioni 9 hazikupeleki huko. Zinampeleka bwana huyo.

Kama lazima uje, njoo kwa barua ya chuo au ya mwajiri anayejulikana, unipe jina lake nilichunguze mwenyewe kabla hujalipa hata shilingi. Kitanda kipo, na koti la baridi nitakununulia. Pikipiki uza ukitaka, ni chuma tu. Hapana, usiiuze, ndiyo inayolisha nyumba siku ambazo mimi nachelewa, na mimi huchelewa. Shamba ndilo ninalokukataza kabisa, kama mjomba wako na kama mtu aliyekwisha kuliuza mara moja. Yule aliyenunua upande wa barabara bado hajajenga. Nimemwandikia, amekubali kuzungumza. Nimeweka akiba kidogo ghalani humu, haitoshi, ila inatosha kuanzia.

Usiku wa mwisho wazee wale waliingia njiani baada ya mbio ya 15, mmoja kwa fimbo, wakachota udongo mwekundu kwenye mitungi ya jemu ili wapeleke nyumbani. Hakuna aliyewazuia. Niliwashikia tochi, kisha nikashika reki nikasawazisha mahali walipochota, kwa mazoea tu, ilhali hakuna ambaye angekimbia hapo tena.

Jumapili saa kumi alasiri ya huko nitapiga simu. Uwe nyumbani, usiwe kijiweni, umshikie bibi yako simu na umkalie karibu, kwa sababu nataka asikie habari za uwanja kutoka kinywani mwangu kabla hajazisikia kwako.