Muulize Shangazi: Mekatilili na mpini wa ufagio

SWALI: Shikamoo shangazi. Binti yangu wa darasa la sita amepewa kuigiza Mekatilili wa Menza shuleni kwao. Mwalimu kamwandika kuwa kigoli wa miaka 18 mwenye mkuki. Wiki nzima mpini wa ufagio wangu ndio mkuki, na taa ya sebuleni imeshapasuka. Mama mkwe wangu, Mgiriama, anasema mambo si hayo. Nani mkweli?
Mama wa Ufagio, Malindi

JIBU: Marahaba mwanangu, pole ya taa. Mkweo yuko sawa, na ushahidi ni jina lenyewe. Alizaliwa Mnyazi wa Menza. Mekatilili maana yake mama yake Katilili, kifungua mimba wake. Sasa mtu umwite mama fulani, kisha umfanye kigoli? Mwaka 1913, alipoanza kuwahamasisha Wagiriama wawapinge Waingereza, alikuwa mjane mwenye watoto. (Na mjane, wajua, hana wa kumuuliza anakwenda wapi.)

Vijana wamo, ila wao ndio waliotakiwa. Champion, ofisa wa Waingereza, alikuja kudai kodi ya nyumba na vijana wa kufanya kazi za wazungu, mashambani na kwingineko. Mekatilili akawaendea wazazi. Alipita kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, ngoma ya matangani. Watu wakija kutazama, wanabaki kusikiliza. Mwisho wakakusanyika Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama msituni, kula viapo, wanawake mukushekushe, wanaume Fisi.

Na kuna kisa cha kuku, ambacho mwalimu wenu kakiruka, sijui kwa nini. Husimuliwa kwamba alikuja barazani na kuku mwenye vifaranga, akamwambia Champion achukue kimoja. Champion kunyoosha mkono tu, koo kamdonoa. Basi nasi ndivyo tutakavyokufanya, akamwambia, ukigusa wana wetu.

Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, magharibi mwa Kenya. Mwaka uliofuata wakatoroka, wakarudi pwani kwa miguu. Agosti 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikawaka.

Kwa hiyo mvike mtoto hando, ile sketi ya marinda ya wanawake wa Kigiriama, umfundishe kutembea kama nyanyake. Mkweo amwonyeshe kifudu, yeye ndiye mwenye nacho. Kuku azimeni kwa jirani, ila awe koo mwenye vifaranga. Jogoo ataharibu mchezo. Ufagio urudi jikoni.

Taa mdai mwalimu.